Mama Sentimita na Sukari ya Mkaguzi

Kazi yangu ni kununua mashine kwa watu waliozichoka na kuziuza kwa watu ambao bado hawajajua kwamba watazichoka. Duka la vioo sina. Nina banda, nina mkokoteni, nina simu mbili na nina mdomo. Nilianza kwa kuokota pasi mbovu na kuzifunga waya upya, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba anayesimulia habari za paka hapa si mtu wa paka.

Aliyenielekeza kwa Mama Sentimita ni fundi viatu mmoja. Aliniambia kuna mama anashona maturubai ya malori, viti vya magari na mabegi, na kwamba anayo cherehani ya ngozi, ile nzito ya chuma inayotoboa tabaka nne bila kulalamika. Mashine kama ile siku hizi huipati hata ukiitafuta kwa tochi mchana. Mteja nilikuwa naye tayari, mtengeneza mabegi, anaisubiri kama bwana harusi.

"Ila jiandae," fundi viatu akasema. "Mama yule anaweza kugombana na wewe nusu siku kwa sentimita moja. Ndiyo maana tunamwita hivyo."

Nikaenda. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye milango miwili, mmoja ukitazama barabara na mwingine ukiingia jikoni kwake. Meza ya kukatia ilichukua katikati yote. Mkasi ulikuwa umefungwa kamba kwenye mguu wa meza ili usitembee. Kulikuwa na harufu ya gundi, ya mafuta ya mashine na ya turubai jipya. Cherehani niliyoitaka ilikuwa pembeni, nyeusi, imenona, na juu yake alikuwa amelala paka wa rangi ya chungwa, naye amenona, mwenye sikio moja lililokatika ncha.

"Hodi hapa."

"Karibu, lakini usikanyage kitambaa."

Mwenye kusema alikuwa mama mfupi wa miaka sitini hivi, tepu ya kupimia shingoni, chaki nyuma ya sikio. Kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni alikaa mwanamke mwingine, mwembamba, akifumua nyuzi za kiti cha zamani. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

"Nimekuja kuhusu cherehani ile, mama."

"Imekukosea nini?"

"Nataka kuinunua."

"Haiuzwi. Na ingekuwa inauzwa, ungeanza kwanza kwa Mkaguzi."

Nikageuka kumtafuta mtu. Wifi akaangua kicheko. Paka akafumbua jicho moja, akashuka kwa uzito wake wote, akaja kunusa viatu vyangu, akanusa begi langu, kisha akanipa mgongo.

"Hajakupitisha," Mama Sentimita akasema. "Lakini umekuja na jua hili, basi nikutajie bei, upate cha kuwaza njiani."

Akanitajia. Nikacheka kwa adabu. "Punguza, mama."

"Nipunguze nini? Urefu au upana?"

Kuanzia siku hiyo aliniita Bwana Punguza, na mtaa mzima ukafuata.

Nilirudi mara ya pili na ya tatu, maana katika kazi yangu neno "haiuzwi" ni salamu tu. Katika kurudi huko nikamsoma. Alikuwa ameolewa akiwa binti, mume akafariki mapema, akabaki na mtoto mmoja wa kike. Shemeji yake mkubwa, mwenye karakana, alimpa mambo mawili achague: arudi kwao au afagie karakana. Akafagia. Miaka miwili alifumua mishono ya watu bila kuruhusiwa kushona hata kifungo. Siku moja shemeji alipima turubai la lori, na yeye, ufagio mkononi, akasema, "Hapo pamepungua kiganja." Turubai likaenda, mvua ikanyesha, na dereva akarudi na shehena ya sabuni iliyokuwa imeanza kutoa povu yenyewe. Tangu siku hiyo tepu ikawa shingoni mwake, na shemeji alipofariki, karakana ikawa yake, na wifi akawa wake pia, kama kitu kilichokuja na nyumba.

Alipima kila kitu. Kijana alipokuja kumposa binti yake, alimtazama mabega tu akasema, "Huyu la kushoto limeshuka. Atakuja kubebeshwa mizigo ya watu." Kijana alikuwa mhasibu. Hadi leo, binti anasema, ndugu zake wote wanamletea mahesabu yao bure.

Na alikuwa na daftari. Kila mteja ana ukurasa wake, kifua, kiuno, mgongo, au kama ni gari, kiti cha mbele na cha nyuma. Humo humo aliandika nani alikuja siku gani na kutaka nini. Kumbe hata mimi nilikuwa na mistari yangu: "B. Punguza. Kaja. Kapewa jibu lile lile." Sikulijua hilo. Ningelijua, ningekaa chonjo.

Sasa, kila nyumba ina mtu wa mlangoni. Kuna mahali ni mlinzi, kuna mahali ni karani, kuna mahali ni shemeji asiye na kazi. Huyo ukimlainisha, nusu ya safari umeimaliza. Hapa mtu wa mlangoni alikuwa na mkia. Nilimwona kwa macho yangu dereva mmoja akileta kiti cha gari, Mkaguzi akakinusa na kukikojolea kidogo pembeni, na Mama Sentimita akamwambia dereva arudi wiki ijayo. Mteja mwingine, Mkaguzi alijisugua mguuni pake, naye akashonewa akisubiri.

Mimi hunywa chai kwa maziwa mazito ya kopo, yale matamu, na kopo langu natembea nalo kwenye mfuko wa mbele wa begi, limefunikwa kifuniko cha plastiki. Mama Sentimita alipoingia jikoni, na wifi akiwa ameinamia nyuzi zake, nilichovya kidole na kukishusha chini ya meza. Nimewahi kuwalainisha wanadamu wa kila cheo. Hakuna aliyekubali upesi kama yule paka, na hakuna aliyekuwa na ulimi mkavu kiasi kile.

Ziara iliyofuata alinirukia mapajani nilipokaa tu. Mama Sentimita akasita, chaki hewani.

"Makubwa haya. Wifi, umeona?"

"Nimeona. Naye anazeeka, macho yamepungua."

Cherehani haikuuzwa siku hiyo, lakini nilipewa kiti chenye mgongo.

Basi mwezi mmoja baadaye nikamkuta Mkaguzi amekonda. Alikuwa anakunywa maji kutoka kwenye ndoo ya pasi kama ng'ombe, anakojoa hadi juu ya turubai la mteja, na miguu ya nyuma anaiburuza, akitembea kwa visigino. Mama Sentimita akamtia kwenye kapu la vitambaa, akampeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamume mwenye mikono iliyozoea ng'ombe. Akarudi na kifurushi cha dawa, sindano na kimashine cha kupima sukari, uso umekunjamana.

"Ana kisukari."

"Nani?" wifi akauliza.

"Mkaguzi."

"Wifi, mimi nina presha mwaka wa kumi huu, na hakuna aliyeninunulia mashine. Leo paka ana kadi ya kliniki!"

"Wewe unajua kusema unapoumwa. Tena unajua sana."

Nilikuwepo siku daktari alipopita kumwonyesha Mama Sentimita mara ya pili namna ya kudunga, maana mara ya kwanza alikuwa hakusikiliza, alikuwa analia, jambo ambalo hakutaka litajwe. Maelekezo yenyewe hayakuwa magumu. Chupa ya insulini ikae kwenye friji lakini isigande, na kabla ya kuvuta dawa izungushwe taratibu viganjani, isitikiswe. Chakula mara mbili, kwa saa zile zile, chakula cha nyama na si makombo ya mezani. Sindano mara mbili, saa moja asubuhi na saa moja jioni, akishakula. Asipokula, asidungwe, daktari apigiwe simu. Na damu ya kupima ni tone moja tu kutoka ukingo wa sikio, ulipashe moto kwanza kwa kitambaa.

"Na jambo la mwisho, mama, ndilo kubwa," daktari akasema. "Dozi ni yuniti moja. Ukiona namba ya juu, usiongeze kwa mkono wako. Niambie mimi. Sukari ikipanda leo atakojoa sana. Ikishuka mno, anaweza kufa kabla hujafika mlangoni."

Mama Sentimita akaitikia kwa kichwa. Mimi nimezunguka na mafundi maisha yangu yote, na ninajua fundi anavyoitikia mteja anapomfundisha kushona. Ndivyo alivyoitikia.

Sindano haikumsumbua. Mtu aliyeshona maturubai ya malori ya tani kumi atababaishwa na kijisindano kile? Aliinua ngozi ya shingo ikasimama kama hema dogo, sindano ikaingia na kutoka, na Mkaguzi akaendelea kutafuna. Kwenye daftari akafungua ukurasa mpya, akaandika juu MKAGUZI, na chini yake asubuhi, jioni, amekula, hajala, dozi.

Hapa lazima niseme ukweli, ingawa si tabia ya kazi yangu. Kopo sikuliacha. Nilijiambia ncha ya kidole si chakula. Mteja wangu wa mabegi alikuwa ananipigia simu kila siku, na mimi nilikuwa napita pale karibu kila mchana, na Mkaguzi hakuwa na nguvu za kupokea wageni wengine lakini mimi alinifuata hadi kwenye kiti. Kidole kimoja kikawa viwili, viwili vikawa kifuniko kizima. Mama Sentimita alipoona mnyama mgonjwa ananijia hivyo, moyo wake ulilainika waziwazi. Siku moja aliniambia, bila kuinua macho kwenye mshono, "Bega linaniuma siku hizi. Huenda cherehani hiyo ikanishinda." Mnunuzi akisikia neno kama hilo hupata usingizi mtamu.

Namba za jioni zikawa zinapanda. Ishirini na mbili. Ishirini na nne. Siku moja mashine ikaandika neno badala ya namba, maana yake imekata tamaa kuhesabu.

"Dawa hii imepwaya," akasema.

"Si daktari alisema umpigie?" wifi akauliza.

"Nguo ikipwaya unaingiza mshono. Ikibana unaachia. Utampigia simu aliyefuma kitambaa?"

Akaongeza hadi mbili. Wiki iliyofuata hadi tatu. Kwenye daftari akaandika kwa mwandiko wake mzuri, bila hofu hata kidogo, kama anayepunguza kiuno cha suruali. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba kila alipoongeza alijisikia fundi hasa, kwa sababu namba ilitikisika kidogo. Ilitikisika, naam. Mimi nilikuwa naipandisha mchana na yeye anaishusha jioni, na wote wawili tulidhani tunafanya kazi nzuri.

Kisha nikasafiri. Kiwanda cha samani kilikuwa kimefungwa katika mji mwingine, mashine zinatolewa kwa fujo, na mimi kwenye fujo ndiko ninakopata riziki. Siku tisa sikuonekana karakanani, na siku tisa paka hakuonja maziwa, huku kila saa moja asubuhi na kila saa moja jioni akipokea yuniti tatu zilizokatwa kwa kipimo cha kopo langu.

Nilirudi siku ya kumi, saa nane mchana, nimeamua kumaliza biashara. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno ya kumfariji mama kuhusu bega. Nikamkuta amepiga magoti sakafuni.

Mkaguzi alikuwa amelala ubavu juu ya mabaki ya ngozi, macho wazi, hayaangalii kitu. Mguu mmoja ulikuwa unatetemeka wenyewe. Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kichwani.

"Asubuhi alikula nusu tu," Mama Sentimita alikuwa anasema, simu imewekwa sauti ya juu sakafuni. "Nusu tu, nikamdunga, nikasema atamalizia."

"Mpime," sauti ya daktari ikasema. "Mpime sasa hivi."

Vidole vilivyotunga uzi kwenye tundu la sindano miaka arobaini vilishindwa kutoboa sikio la paka. Mara ya pili tone likatoka. Mashine ikalia.

"Moja nukta tisa."

Daktari akadakia kwenye simu, "Una asali? Glukosi?"

"Asali aliimaliza mwenyewe na kikohozi chake!" wifi akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Sukari, basi, ikorogwe na maji ya moto, upesi! Chochote kitamu. Kipake kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa."

Wifi akakimbilia jikoni, nikasikia kopo la sukari linaanguka na kugongagonga sakafuni. Mimi nilikuwa nimesimama na begi langu begani. Nilijua vizuri kilichomo kwenye mfuko wa mbele, na nilijua kwamba nikikitoa nitakuwa nimejibu swali ambalo hajaniuliza. Sitajisifu hapa. Sikufikiri, na ningefikiri, sijui. Nikafungua kifuniko, nikapiga magoti, nikampa Mama Sentimita kopo.

Hakuuliza. Alichovya, akafungua mdomo wa paka kwa kidole gumba, akapaka fizi za juu, akapaka za chini, akasubiri, akapaka tena. Wifi akarudi na kikombe cha maji ya sukari, nusu yake ikiwa kwenye gauni lake. Tulimpaka maji hayo pia. Daktari alikuwa anahesabu dakika kwenye simu kama refa.

Baada ya dakika kumi hivi mguu ukaacha kutetemeka. Ulimi ukatoka, ukaramba pua. Kichwa kikainuka. Kisha Mkaguzi akasimama kwa miguu minne ya kukopa, akayumba, akanipita mimi, akampita bibi yake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye begi langu, akaingiza mkono wake wa kulia kwenye mfuko wa mbele, na kuanza kupekua.

Wifi alitazama mfuko, akatazama kopo, akanitazama mimi. Mama Sentimita hakuhitaji kutazama mara tatu.

"Beba kapu," akaniambia. "Twende kwa daktari kwanza. Kesi yako itasikilizwa baadaye."

Kliniki walimtundikia maji ya glukosi na kumlaza hadi kesho yake. Daktari akaomba daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa.

"Tatu? Nani alisema tatu?"

"Mimi," akajibu.

"Na kwa nini namba zilikuwa zinaruka hivi? Chakula ni kile kile. Kuna kitu kilikuwa kinaingia."

Mama Sentimita akachukua daftari, akafungua kurasa za nyuma, zile za wageni. Akaweka kidole cha kushoto kwenye "B. Punguza, kaja," na cha kulia kwenye namba ya jioni hiyo. Akashuka mstari mmoja. Akashuka mwingine. Kila nilipokuja, ishirini na kitu. Kila nilipokosa, kumi na kitu. Halafu siku tisa tupu upande wangu, na upande wa paka namba zinateremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani: kumi na mbili, tisa, sita, nne.

"Tulikuwa wawili, daktari," akasema. "Huyu anaachia, mimi nabana. Nguo ilikuwa lazima ichanike."

Daktari alinieleza, pasipo kuombwa, kwamba paka hata utamu hausikii, anachopenda ni mafuta ya maziwa. Kwa hiyo hongo yangu ilimdhuru bila hata kumpendeza ipasavyo. Akasema pia kwamba unene wa miaka ndio ulioanzisha ugonjwa, wala si mimi, lakini kwamba mimi ni mtu wa hovyo. Yote mawili aliyasema kwa sauti ile ile.

Kesi ilisikilizwa kesho yake, karakanani, Mkaguzi amelala juu ya cherehani na bandeji mguuni. Nilitegemea kufukuzwa. Nilikuwa hata nimeshaanza kuhesabu nani mwingine ana mashine kama ile.

"Binti yangu anajifungua wiki ijayo," Mama Sentimita akasema. "Ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Nilishamwambia sitakwenda, kwa sababu ya sindano. Wifi hawezi."

"Mimi nikiona sindano naanguka," wifi akasema kwa fahari.

"Umeishi karakana ya kushona miaka thelathini," nikamwambia.

"Ndiyo, na ninafumua. Umewahi kuniona nashona?"

"Utamdunga wewe," Mama Sentimita akaniambia. "Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Siku kumi na mbili."

"Mama, mimi nina biashara—"

"Una kopo."

Nikaitazama mashine iliyo chini ya Mkaguzi. "Na cherehani?"

"Nikirudi."

Mimi, ambaye sijawahi kutoka kwenye mapatano bila kujua napata nini, nikasema sawa.

Alinifundisha siku mbili nzima kwa nusu ya turubai iliyokunjwa, hadi sindano ikaingia na kutoka bila kupinda. Dozi daktari aliirudisha yuniti moja. Ukutani akabandika karatasi: "Namba isipokupendeza, piga simu. Usishone." Maneno hayo alijiandikia mwenyewe, nadhani, lakini aliniachia mimi.

Siku ya kwanza Mkaguzi alinikwaruza mikono yote miwili. Siku ya tatu namba ilikuwa kumi na tano, na nilisikia ule mwasho wa kuongeza kidogo tu, kidogo mno, nani angejua. Nikampigia daktari. "Acha hivyo hivyo," akasema. Siku ya tano ikawa kumi na moja, ya saba nane. Kila siku, saa moja na dakika tano, simu ya Mama Sentimita ililia, na tangu siku ya tatu nyuma yake nilisikia kichanga kinalia.

"Amekula?"

"Amekula."

"Chote?"

"Chote."

"Umepima kwa sikio gani?"

"La kulia."

"Jana pia lilikuwa la kulia. Badilisha!"

Ilikuwa asubuhi ya siku ya nane, kabla sijanywa chai, wifi alipoegemea meza akanitazama kwa macho ya kumpima maiti.

"Hayo maziwa ya kopo umekunywa miaka mingapi?"

"Tangu nianze biashara."

"Na unakwenda chooni mara tatu kila ukija hapa. Toa kidole."

"Wifi, hii ni mashine ya paka."

"Ni ya watu, paka ndiye aliyeazima. Toa."

Akageuza uso pembeni ili asianguke, mimi nikaweka kijisindano kipya, nikajitoboa. Mkaguzi asubuhi ile alikuwa na saba nukta nne. Mimi nilikuwa na kumi na sita nukta nane.

Wifi alicheka hadi akakaa sakafuni. Alicheka, akanyamaza, akanitazama, akacheka tena. Halafu akainuka, akanipa glasi ya maji, na kwa sauti nyingine kabisa akasema, "Nenda hospitali ya watu leo. Leo, si kesho." Nikaenda. Walipima upya, wakathibitisha, wakanipa vidonge na karatasi ya mambo ya kuacha. La kwanza kwenye orodha nililifahamu.

Mama Sentimita alirudi siku ya kumi na mbili jioni, akiwa na picha ishirini za mjukuu kwenye simu, na hakumwonyesha mtu hata moja kabla hajafungua daftari. Akasoma ukurasa wa Mkaguzi mstari kwa mstari. Akageuza. Kwenye ukurasa uliofuata, kwa mwandiko wa wifi, palikuwa pameandikwa B. PUNGUZA, asubuhi, jioni, amekula, hajala.

"Huyu anakupita mbali," akasema, akimwonyesha paka kwa kidevu.

"Nimeona, mama."

Akamshika Mkaguzi ubavu, akamwona amejaa, akamshusha sakafuni amtazame akitembea. Miguu ya nyuma ilikuwa imesimama vizuri, visigino juu.

"Sasa cherehani," nikasema.

"Haiuzwi."

"Lakini bega—"

"Bega limepona. Nimembeba mjukuu siku tisa, likazoea. Na bei niliyokutajia ilikuwa ya kukufukuza, tangu siku ya kwanza nilikwambia haiuzwi. Wewe ndiye hukuamini."

Sikubishana. Mteja wangu wa mabegi alikuwa ameshanunua mashine kwa mtu mwingine siku ya tisa, wakati mimi nashika sikio la paka, na hilo sikumwambia. Yeye aliipata safari yake, akampata paka wake, na cherehani ikabaki palepale pembeni. Miezi mitatu baadaye daktari aliipunguza dawa hadi nusu, kisha akaiacha kabisa. Alisema paka wengine hurudi hivyo ukiwahi na ukiwatunza, lakini wapimwe bado, maana ugonjwa unaweza kugeuka. Mimi vidonge vyangu havijapunguzwa.

Kwa siku zangu kumi na mbili alinilipa begi. Alilishona mbele yangu, kwa cherehani ile ile, ngozi nene, mishono miwili miwili. Nilimpa vipimo vyangu. Nilipolipokea nikalipima kwa kiganja, maana mazoea ni mazoea.

"Limepungua sentimita moja, mama."

"Si ndicho unachopenda?"

Nikaligeuza. Halikuwa na mfuko wa mbele.

Niliporudi wiki iliyofuata kupima sukari, Mkaguzi alishuka kwenye cherehani, akaja hadi miguuni pangu, akalinusa begi jipya upande huu na upande ule, akaingiza mkono mahali ambapo mfuko ungekuwa. Hakukuta kitu. Akanipa mgongo, akapanda tena juu ya mashine yake, na hadi leo hajanipitisha.